Haki ya Askari Mdogo Aliyekwisha Kufa

Wajulikana na wote kwamba maiti ana haki juu ya walio hai: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Haki hizi wazijua hata watoto wa chuoni. Lakini iko haki nyingine isiyotajwa sana, nayo ni haki yake katika khabari zake. Mtu akisha kufa ulimi wake umekatika. Hawezi kujibu wala kukana, wala kueleza udhuru wake. Kwa hivyo mwenye kuandika maisha ya mtu aliyekufa ni kama shahidi asimamaye mbele ya kadhi ilhali anayeshuhudiwa hayupo, wala hapana wakili aliyewekwa badala yake. Jambo hili ni zito hata likiwa juu ya mfalme au jemadari. Lakini mkubwa huacha wana, na marafiki, na vitabu vya kumtetea. Askari mdogo hakuacha kitu. Na akiwa amekufa katika vita vya ndugu kwa ndugu, ndipo pazidipo uzito, kwani waliobaki kumsimulia ni ama wenziwe waliomwonea fahari, ama jirani zake waliomtakia mauti.

Basi mas-ala ni haya: kuchimbua maisha ya askari kama huyo, pamoja na aibu zake na maradhi yake na siri za nyumba yake, ni kumtendea haki au ni kumdhulumu mara ya pili? Na mtu akisha kumjua sana, njaa yake na mapenzi yake kwa watoto wake, aweza tena kuhukumu jambo alilolipigania?

Hapana vita vya ndugu vilivyoacha karatasi nyingi za watu wadogo kuliko vita vya Marekani vya mwaka 1861 mpaka 1865, baina ya majimbo ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Na juu ya wingi wa karatasi hizo, hata hesabu ya waliokufa haikupatikana sawasawa. Kwa miaka mingi vitabu vilisema ni 620,000. Mwaka 2011 mwanachuoni J. David Hacker, kwa kulinganisha hesabu za watu zinazofanywa na serikali kila miaka 10, alisema wapata 750,000; na mwaka 2024 wengine waliofanya kazi kama hiyo wakapata karibu 698,000. Baina ya hesabu ya kwanza na ya pili pana watu 130,000. Mji mzima wa wanaume hujulikani kama walikufa vitani au hawakufa! Na hapana shaka kwamba katika hao 130,000 hamna jemadari hata mmoja.

Haki ya kwanza ya maiti huyo, basi, ni jina. Katika jimbo la Georgia palikuwa na gereza la mateka liitwalo Andersonville, lililofunguliwa Februari 1864. Walifia humo karibu askari 13,000 wa Kaskazini, wengi wao kwa kuhara na kiseyeye na njaa. Mateka mmoja kijana, Dorence Atwater, aliwekwa kuandika orodha ya wanaokufa. Naye akaandika nakala ya pili kwa siri akaificha, kwa kukhofu kwamba ile ya kwanza haitafika kwa jamaa zao. Mwaka 1865 alirudi mahali pale pamoja na Clara Barton na mafundi wa kutia alama makaburi, na kila kaburi likapata jina lake ila 460. Bibi huyo alikuwa amefungua ofisi Washington ya kutafuta askari waliopotea. Alipoifunga mwaka 1868 alikuwa amepokea barua 63,182, na watu zaidi ya 22,000 walikuwa wamejulikana yaliyowapata. Ama Atwater, jeshi lake mwenyewe lilimshitaki kwa kugombania karatasi zile, akafungwa. Ndiyo malipo ya dunia.

Kazi ya namna hii hapana mwenye akili atakayeilaumu, kwani mama ataka kujua mwanawe yuko wapi. Shida huanza pale mchunguzi anapopita jina, akataka kujua mtu.

Askari alipoandikishwa, karani alitia kitabuni umri wake, kimo chake, rangi ya macho na nywele zake, alikozaliwa na kazi aliyoifanya. Kisha kila miezi miwili orodha ya kikosi ilisema yupo au hayupo, mgonjwa au mzima, amelipwa au anadai. Hayo ndiyo yote. Mtu aweza kukaa miaka mitatu katika matope, akazika nusu ya rafiki zake, na kitabu kikaandika juu yake maneno ishirini. Khabari zake za kweli ziko pengine, mahali ambapo hakutaka ziwe, nako ni katika faili la pensheni.

Sheria ya mwaka 1862 iliwapa pensheni waliolemazwa na vita na wajane wa waliokufa. Sheria ya mwaka 1890 ikapanua, ikampa kila aliyetumika siku 90 akawa hawezi tena kazi za mikono, ila kwa sharti kwamba udhaifu wake haukutokana na tabia zake mbaya. Fedha zilizotoka zilikuwa nyingi mno, hata mwanzo wa miaka ya 1890 zilikula zaidi ya thuluthi ya matumizi ya serikali kuu. Serikali ikakhofu kudanganywa, ikatuma wakaguzi mijini na mashambani. Mzee aliyeomba dola chache kila mwezi alivuliwa nguo mbele ya madaktari, wakapima kovu lake na meno yake na ngiri yake, wakauliza kama kidonda hiki si cha kaswende na kama mtetemeko huu si wa ulevi. Mjane naye alikuwa na mtihani wake. Kwa sheria ya mwaka 1882 pensheni yake ilikatwa ikithibiti kwamba akaa kinyumba na mwanamume waziwazi bila ya ndoa. Basi mkaguzi alikaa barazani kwa jirani, akauliza nani aingia kwa fulani na saa ngapi atoka, na jirani mwenye chuki akapata siku yake. Masengenyo ya kijiji yakapigwa muhuri wa serikali. Karatasi hizo zote ziko mpaka leo katika Nyumba ya Nyaraka za Taifa mjini Washington, na ye yote atakaye huzisoma.

Wako wasemao kwamba hizi ni aibu za maiti, zafaa zifunikwe, na mwenye kuzifunua ni msengenyaji tu, ajapojiita mwanachuoni. Wako na wasemao kwamba tarekhe haina haya, na kila kilichoandikwa ni halali kuandikwa tena. Kauli hizi mbili zina upungufu, na ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kwani yafanya kuwako kwa karatasi ndio ruhusa yenyewe, kama mtu aliyeona mlango wazi akasema basi nyumba ni yangu.

Wanazuoni wa Hadithi walikutana na mas-ala haya zamani sana. Iliwapasa kuwachungua wapokezi, na wengi wao walikuwa watu wadogo, wauza nguo na wauza mafuta, ili ijulikane ni yupi akubaliwa neno lake. Kusema kwamba fulani ni mwongo, au hana hifdhi, kwa dhahiri yake ni kumsengenya. Wakaona yajuzu, bali ni wajibu, kwa kuwa haki kubwa yategemea hapo. Lakini waliowacha Mungu katika wao walishika mpaka: aibu itajwe kwa kadiri ya haja, isipite. Aliyeharibikiwa na hifdhi kwa uzee ilisemwa hivyo, tena wakati ulioanza upungufu ule ukatafutwa, ili yale aliyoyapokea kabla yake yasitupwe. Angalia insafu hii. Hawakumhukumu mtu kwa siku yake mbaya peke yake, wala hawakuitumia siku yake njema kuifuta ile mbaya.

Kipimo hiki chatosha kwa faili la askari. Ikiwa haja ni kujua kwamba vita havikwishi siku ya amani, kwamba askari walirejea na maradhi wakayaingiza katika nyumba zao, na wake zao wakayalipia, yaandikwe hayo, na zitajwe hesabu, wala halihitajiwi jina la mtu. Ikiwa haja ni kuonyesha jinsi serikali ilivyomfanya mjane maskini kuwa mtuhumiwa, maswali ya mkaguzi yatosha kuwa ushahidi; majibu ya jirani yake juu ya kitanda chake hayazidishi kitu ila ladha. Na ladha ndiyo hatari ya kazi hii. Mchunguzi huanza kwa kutafuta kweli, akaishia kufurahia ufunguo.

Lakini kanuni hii ya kufunika yataka tahadhari, kwani ikishikwa kwa upofu yaweza kuwa dhulma kubwa zaidi. Askari weusi katika jeshi la Kaskazini walikuwa karibu 179,000, na wengi wao walitoka utumwani. Katika sheria za Kusini mtumwa hakuwa na ndoa; aliyekaa na mkewe miaka 20 alikuwa mbele ya sheria kama hakuoa. Alipouawa vitani, mjane wake hakuwa na cheti cha kuonyesha. Ndipo mwaka 1864 ikatolewa sheria kwamba ndoa yao yaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa watu waliowaona wakikaa kama mume na mke. Basi wakaja mashahidi: mkunga aliyezalisha, mtumwa mwenzao mzee, pengine hata bwana aliyewamiliki. Wakaeleza ni nani aliyewaunganisha, na mtoto yupi alizaliwa katika mavuno yapi ya pamba, na yupi aliuzwa, na aliuzwa wapi. Mambo haya hayakuandikwa po pote pengine. Mjukuu wa watu hao akitaka leo kujua jina la nyanya yake mkuu, faili lile ndilo mlango wake wa pekee. Mkaguzi aliuliza kwa tuhuma, na tuhuma yake ndiyo iliyohifadhi ukoo. Kulifunga faili hilo kwa hoja ya kusitiri ni kuwarudisha watu hao pale walipokuwa kabla ya vita, watu wasio na nasaba.

Na katika mafaili hayo hayo mna jambo dogo linalomdanganya msomaji mgeni. Wengi waliandikishwa kwa jina la ukoo la bwana wao, kisha wakisha kuwa huru wakachukua jina la baba au jina walilolipenda. Ofisi ikaandika majina yote mawili kama yanavyoandikwa majina ya wezi, fulani ajiitaye fulani. Anayenakili maneno hayo bila ya kueleza amemtia mtu hatiani kwa kujipa jina lake mwenyewe. Hata orodha ya Idara ya Mbuga za Taifa ya Marekani, isomwayo na ye yote mwenye intaneti, yenye maandikisho yapatayo milioni 6.3, haihesabu watu bali majina. Mtu mmoja aweza kuwamo mara tatu kwa makosa ya karani asiyejua kusikiliza.

Yuko askari mmoja ambaye khabari yake yawahusu Waislamu kwa nasaba, nayo ni ngumu kuhukumiwa. Mohammed Ali bin Said alizaliwa Bornu, akatekwa, akauzwa kuvuka Sahara, akawa mtumwa na mtumishi katika nchi za Waturuki na Urusi, na huko Urusi akabatizwa akaitwa Nicholas. Alifika Marekani hali ya kuwa mtu huru, naye mwaka 1863 akaingia kwa hiari katika kikosi cha 55 cha Massachusetts, cha askari weusi, akawa sajini. Mwaka 1873 alitoa kitabu cha maisha yake, kikaeleza Bornu na Makka na Istanbul na miji ya Ulaya. Lakini vita alivyovipigana hakuvieleza. Alikuwa akikaa Kusini, miongoni mwa watu aliopigana nao. Je, aliyenyamaza kwa kukhofu nafsi yake afaa kusemewa baada ya kufa? Jibu lililo karibu na haki ni kwamba khofu ile ilikuwa na mwisho, nao ni mauti yake. Orodha ya kikosi yasema alikuwako, na kusema hivyo hakumvunjii heshima bali kwamrudishia. Lakini mwandishi asijaze pengo lile kwa mawazo aliyoyatunga akayatia kinywani mwa mtu aliyechagua kunyamaza.

Neno jingine lidhulumulo ni lile la karani: mtoro, muasi. Orodha za jeshi zimejaa watoro ambao baadaye ilidhihiri kwamba walikuwa wamelala hospitalini, au wamekwisha kufa njiani. Baraza la Marekani lililazimika kutoa sheria za kuwafutia. Ama neno la muasi, mfano wake ni Sajini William Walker wa kikosi cha 3 cha askari weusi wa South Carolina. Askari weupe walilipwa dola 13 kwa mwezi. Weusi waliahidiwa sawa na wao, kisha wakalipwa dola 10, na katika hizo 3 zikikatwa kwa ajili ya nguo. Novemba 1863 Walker aliwaongoza wenziwe wakaweka bunduki zao chini mbele ya hema la mkubwa wao, wakasema hawatatumika kwa ahadi iliyovunjwa. Akahukumiwa kwa uasi, akapigwa risasi tarehe 29 Februari 1864. Mwezi wa Juni mwaka ule ule sheria ikasawazisha mishahara. Anayesoma hukumu peke yake atamjua muasi. Anayesoma na orodha ya mishahara atajua ni nani aliyevunja mkataba kwanza.

Yamebaki yale yaliyo mazito zaidi, nayo ni ya askari wa Kusini. Huyu naye alikuwa maskini mara nyingi. Aprili 1862 serikali yake ilitoa sheria ya kuandikisha watu kwa nguvu, na waliojitolea kwa mwaka mmoja wakazuiliwa mpaka itimie mitatu. Oktoba mwaka huo ikasamehe mwanamume mmoja kwa kila shamba lenye watumwa 20, na wasio na watumwa wakanung'unika kwamba vita ni vya matajiri na damu ni ya maskini. Barua zake zasomeka leo kwa maelfu. Mwanachuoni James McPherson, kwa kitabu chake cha mwaka 1997, alisoma barua zaidi ya 25,000 za pande zote mbili. Humo mna mtu asiye na viatu, aulizaye kama mahindi yamevunwa, na kama mtoto mdogo amemsahau baba yake. Moyo wa msomaji hulainika, na ni haki ulainike. Asiyelainika kwa barua hizo afadhali afanye kazi nyingine.

Ndipo shubuha huingia. Husemwa: watu wema kama hawa, wapenda watoto, hawakupigania utumwa, walipigania nyumba zao tu. Na kwa shubuha hii, uchunguzi wa maisha ya watu wadogo umetumiwa kuwa sabuni ya kuoshea vita vizima. Lakini hoja hii haisimami. Mwaka 1860 watumwa wa nchi ile walikuwa karibu milioni 4. Jimbo la Mississippi lilipojitenga Januari 1861 lilitangaza kwa maandishi kwamba sababu yake ni utumwa. Nyumba ile aliyoipigania askari maskini ilisimama katika nchi ambayo nyumba ya jirani yake mweusi yaweza kuuzwa vipande vipande, mama huku na mtoto kule. Na mtu hapotezi akili yake ya kujua hayo kwa kuwa hana viatu. Kumhurumia mtu ni jambo moja, na kumtoa hatiani ni jingine. Kadhi humlilia mwizi mwenye njaa, wala haandiki kwamba mali iliyoibwa ilikuwa yake.

Tena waliochungua sana barua hizo ndio waliovunja udhuru huu. Tarehe 12 Aprili 1864 jeshi la Kusini liliiteka ngome ya Fort Pillow katika Tennessee. Ndani mlikuwa na askari wapatao 600, karibu nusu yao weusi. Weusi waliouawa walikuwa karibu thuluthi mbili yao, na wengi waliuawa baada ya kutupa silaha na kuinua mikono. Siku mbili baadaye sajini mmoja wa jeshi lile lililoshinda, Achilles Clark, aliwaandikia dada zake nyumbani. Aliwaeleza alivyowaona weusi wakipiga magoti wakiomba waachwe, na kwamba yeye na wengine walijaribu kuyazuia mauaji, wakashindwa. Barua hii ni ya mtu mdogo, aliyewapenda dada zake kama wengine wote. Alijua, na neno lake ni hoja juu ya wote waliosimama pale, kwamba ubaya ule ulionekana kwa macho ya askari wa kawaida, wala haukuhitaji elimu ya jemadari. Anayesema kwamba askari mdogo hana hukumu kwa kuwa ni mtu wa kuamrishwa tu amemvua askari huyo kitu bora alichokuwa nacho siku ile.

Waliouawa ngomeni hawakuacha barua. Mwaka 1867 mifupa yao ilihamishiwa makaburi ya taifa mjini Memphis, na wengi wako chini ya mawe yasiyo na majina. Lakini mkubwa wa ngome, Meja Lionel Booth, naye aliuawa humo, na Mei 1864 mjane wake, mwanamke mweupe, alikwenda kwa Rais Lincoln kuwaombea haki wajane wa askari weusi waliokufa pamoja na mumewe. Lincoln akampa barua kwa Seneta Charles Sumner. Na mwezi wa Julai ikatoka ile sheria ya ushahidi wa ndoa, ambayo kwayo mjane aliyekuwa mtumwa aliweza kukaa mbele ya karani na kuanza kutaja, mmoja baada ya mmoja, majina ya watoto wake.